Uzito Bila Blanketi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Puleng alikuwa na kazi tatu. Ya kwanza ilikuwa kuvunja barafu kwenye ndoo ili farasi apate kunywa. Ya pili ilikuwa kumsugua farasi huyo, aliyeitwa Sefako, mpaka manyoya yake ya kijivu yang'ae. Ya tatu hakuna aliyemtuma. Ilikuwa kumdanganya babu yake.

"Umemaliza motoho wako?" Babu aliuliza kutoka ndani, akiwa bado anatafuta viatu.

"Nimemaliza, Babu."

Hakuwa amemaliza. Uji ule mchachu wa mtama, wenye mvuke ukipanda juu yake, alikuwa ameumwaga kwenye bakuli la mbwa nyuma ya zizi. Mbwa mwenyewe alikuwa amenenepa mwezi huo mpaka akaacha kukimbiza sungura. Aliwatazama tu wakipita, kama tajiri anayewatazama watu wakienda kazini.

Puleng alilamba kidole kilichogusa uji, akakifuta haraka kwenye blanketi lake. Tumbo likanguruma. Akalikemea kimyakimya: "Nyamaza wewe. Bado kilo chache tu."

Mambo haya yalikuwa yameanza mwezi wa nne.

Kijijini kwao, Ha Lephatsoe, juu kabisa katika milima ya Lesotho, hakuna nyumba isiyokuwa na farasi. Na kila Julai, wakati wa baridi kali, watu hukusanyika uwandani kutazama mbio. Kuna mbio za watu wazima, na kuna mbio za watoto. Mzee Khoeli, babu yake Puleng, alikuwa amepeleka farasi kwenye mbio za watoto miaka kumi na moja. Miaka kumi na moja alirudi nyumbani akisema, "Mwaka ujao." Sasa alikuwa na Sefako, na Sefako hakukubali kupandwa na mtu mwingine ila Puleng. Akipandwa na mwingine alisimama tuli kama jiwe, na huwezi kushinda mbio juu ya jiwe.

Basi siku moja ya mwezi wa nne, mvua ikinyesha, Babu na Puleng walipeleka manyoya ya mbuzi kwenye ghala la sufu. Ndani ya ghala kulikuwa na mizani kubwa ya chuma ya kupimia magunia. Lebusa, kijana wa miaka kumi na tatu aliyempandia mjomba wake farasi mweusi, alikuwa hapo akisaidia kubeba. Kwa sababu ya kazi alikuwa amelitupa blanketi lake pembeni, na alikuwa miguu mitupu. Akaruka juu ya mizani kwa mchezo.

"Thelathini na tatu!" akatangaza. "Mwepesi kama unyoya. Na wewe Puleng, njoo tukuone."

Puleng akaanza kufungua pini ya blanketi lake. Babu akamzuia.

"Acha. Mjukuu wangu havui blanketi mbele za watu kama mtu aliyefukuzwa kwao. Panda hivyohivyo."

Puleng akapanda hivyohivyo, na blanketi lililolowa mvua, na sweta, na mabuti ya mpira yaliyojaa tope. Mshale ukaenda, ukaenda, ukatua.

"Arobaini na moja!" Lebusa akapiga makofi. "Jamani! Sefako atahitaji msaidizi. Mfungieni punda pembeni amsaidie kubeba!"

Wabebaji wote wakacheka. Babu hakucheka. Alimvua Puleng mabuti, akamsimamisha ukutani, akaweka alama kwa chaki, akapima kwa utepe wa kupimia magunia. "Sentimita mia na arobaini na mbili," alisema. "Sikiliza, Lebusa. Nilipokwenda migodini, karani alitupima sote. Alichukua urefu wa mtu, akatoa mia moja. Kinachobaki ndicho kilo zako. Mia na arobaini na mbili, toa mia, ni arobaini na mbili. Mjukuu wangu ana arobaini na moja. Ana kasoro gani?"

"Hiyo ni hesabu ya wachimba migodi, Babu," Lebusa akajibu. "Mpanda farasi hutoa mia na kumi. Mjomba ndivyo anavyosema. Kwa hiyo anatakiwa awe thelathini na mbili. Amezidi kilo tisa. Tisa! Hizo ni mbuzi mzima."

Babu alipuuza kwa mkono, akaendelea na magunia yake. Lakini Puleng alirudi nyumbani na ile tisa imemganda kichwani kama kupe. Alilala nayo, akaamka nayo. Babu alikuwa amesubiri miaka kumi na moja. Je, ashindwe mwaka wa kumi na mbili kwa sababu mjukuu wake ni mzito?

Asubuhi iliyofuata, mbwa alipata motoho wake wa kwanza.

Kisha Puleng akaanza kugawa maharage yake ya mchana shuleni. Jioni alikula ugali donge dogo kama yai, akasema ameshiba. Wiki ya kwanza njaa ilimuuma. Wiki ya tatu njaa haikuuma tena sana, ila baridi ilimuuma hata akikaa karibu na moto. Wiki ya tano alisoma ukurasa mmoja mara nne bila kujua umesema nini. Mwalimu alimwita ubaoni kwa hesabu nyepesi, akashindwa. Puleng, ambaye zamani alikuwa akizitafuna hesabu kama mahindi ya kuchoma!

Lakini lililomtisha zaidi lilikuwa farasi. Alidhani akipungua, Sefako atapaa. Mambo yakawa kinyume. Mikono yake ilikosa nguvu ya kushika hatamu. Magoti yaliteleza kwenye tandiko. Siku moja walipokuwa wakipanda kilima, macho yake yakaingia giza, na alipofumbua alikuwa amelala shingoni mwa Sefako, ameshika manyoya. Farasi alikuwa amesimama mwenyewe, akimngojea.

"Mafua tu, Babu," alisema alipoulizwa.

"Mafua gani hayana kamasi?" Babu akanung'unika. Lakini mzee yule alimwamini mjukuu wake, hakuendelea.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita kamati ya mbio ikatoa tangazo. Mwaka uliopita mtoto mmoja wa kijiji cha mbali alizimia njiani, akaanguka kutoka kwenye farasi, akavunjika bega. Ilijulikana kwamba hakuwa amekula siku mbili. Kwa hiyo, tangu sasa, mtoto yeyote atakayeshindana alete cheti cha zahanati kinachoonyesha kwamba uzito wake unafaa kwa urefu na umri wake. Bila cheti, farasi wake atatazama mbio akiwa nje ya kamba.

Lebusa alipata chake siku ya pili, akakipepea shuleni kama bendera.

Puleng hakuwa na wasiwasi hata chembe. Kinyume chake, alifurahi. Alijua amepungua. Alisema moyoni, "Nesi atanipongeza."

*

Zahanati ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa farasi. Walipofika, foleni ilikuwa ndefu: wazee wenye kikohozi, kina mama na watoto mgongoni, wote wamejifunika mablanketi mpaka masikioni. Nesi aliitwa Mama Nthabeleng. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde.

"Anayefuata! Wewe binti wa mbio? Haya, vua blanketi. Vua mabuti. Na sweta."

Babu akasonga mbele. "Dada, mbele ya watu wote hawa? Blanketi ni heshima ya mtu."

"Ntate," nesi akasema kwa adabu, maana ndivyo watu wa kule wanavyomwita mtu mzima wa kiume, "mimi napima mtoto, sipimi kondoo. Sufu ipimwe ghalani."

Foleni ikaangua kicheko. Babu akacheka pia bila kutaka, akampokea Puleng blanketi lake, akasimama akimkinga na upepo wa mlangoni.

Puleng akapanda mizani akiwa na gauni jepesi tu. Sakafu ilikuwa baridi kama mto. Nesi akatazama namba. Akatazama tena. Kisha akampima urefu, akiwa kichwa wazi, visigino vimegusa ukuta.

"Umri?"

"Miaka kumi na miwili na nusu."

"Urefu mia na arobaini na mbili. Uzito ishirini na nane na nusu."

Puleng akatabasamu uso mzima. "Nimepita! Nilitakiwa thelathini na mbili, na nimeshuka hata chini yake!"

Mama Nthabeleng hakutabasamu. Aliweka kalamu chini. Ile sauti yake kubwa ikawa ndogo. "Nani alikuambia thelathini na mbili, mwanangu?"

Puleng akaeleza yote: mizani ya ghalani, arobaini na moja, urefu kutoa mia na kumi. Nesi alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, nesi alichukua blanketi, mabuti na sweta mikononi mwa Babu, akavirundika juu ya mizani.

"Soma mwenyewe."

"Kilo tano na nusu," Puleng akasoma.

"Na leo ni vikavu. Siku ile ya mvua na tope, vilifika saba. Arobaini na moja, toa saba?"

"Thelathini na nne."

"Basi siku ile ulikuwa na kilo thelathini na nne. Hizo nyingine zilikuwa za kondoo na za kiwanda cha mpira."

Babu alilinyanyua blanketi lile, akalipima uzito mkononi.

"Sasa ile hesabu yenu," nesi akaendelea. Akamwita mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni, akaomba ruhusa, akamlaza mtoto kwenye ubao wa kupimia. Mtoto akalia na kupiga mateke kwa hasira. "Sentimita themanini. Haya, Ntate, fanya hesabu ya karani wako. Themanini, toa mia."

Babu akakuna kidevu. "Hasi... hasi ishirini."

"Na kwa hesabu ya mpanda farasi, toa mia na kumi?"

"Hasi thelathini."

"Jamani!" nesi akageukia foleni. "Mtoto huyu anatakiwa awe na kilo thelathini chini ya sifuri. Mshikeni asipae!"

Watu walicheka mpaka mzee mmoja akakohoa na kupewa maji. Hata yule mtoto akaacha kulia, akashangaa. Puleng peke yake hakucheka. Alikuwa anaanza kuelewa, na kuelewa huko kulikuwa kunauma.

Nesi akamvuta karibu, akafungua kitabu chenye mistari iliyopinda, mmoja juu ya mwingine. "Hesabu ya karani ilikuwa ya kukadiria tu, na ilikuwa ya watu wazima, waliokwisha kumaliza kukua. Wewe bado unakua. Kwa mtoto hatutazami urefu na uzito peke yake, tunatazama na umri, na kama ni msichana au mvulana. Kisha tunakuja hapa kwenye mistari. Unaona? Msichana wa umri wako na urefu wako anaweza kuwa na kilo thelathini, au thelathini na tano, au arobaini na mbili, na wote wakawa wazima."

"Wote?" Puleng akauliza. "Ipi basi ndiyo yangu?"

"Ndilo kosa la watu wengi. Wanatafuta namba moja, kama msumari wa kutundikia kofia. Uzito mzuri ni kama malisho yenye ua. Farasi mmoja anakula huku, mwingine kule, na wote wako ndani ya ua. Siku ile ghalani ulikuwa katikati ya malisho. Hata kwa blanketi lako lililolowa na mabuti yako ya tope, bado ulikuwa ndani ya ua! Lakini leo," akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho, "leo umeruka ua. Uko nje, kwenye mawe. Siwezi kusaini."

Puleng alihisi machozi yakipanda. "Mama, tafadhali. Babu amesubiri miaka kumi na miwili."

"Na mimi sitaki asubiri habari ya mjukuu wake kuokotwa njiani. Niambie kweli. Chakula kinakwenda wapi? Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Puleng akainamisha kichwa. "Kwa mbwa."

Babu akasema polepole, "Ndiyo maana mbwa ameshindwa kupita chini ya geti." Lakini sauti yake ilikatika katikati ya mzaha, akageukia dirisha, akajifuta uso kwa ncha ya blanketi.

Mama Nthabeleng aliandika kwenye karatasi. Ale mara tatu kwa siku. Uji asubuhi na maziwa. Mchana maharage, asimpe mtu. Jioni ugali na moroho, zile mboga za majani za nyuma ya nyumba, na yai kila linapopatikana. Alale mapema. Asipande farasi mpaka kizunguzungu kiishe. "Arudi Jumatatu ya wiki ya mbio," alisema. "Kama atakuwa amerudi ndani ya ua, nitasaini kwa mikono miwili. Ua unaanzia kilo thelathini. Na Ntate, hakuna dawa ya haraka. Msimjaze kama gunia siku ya mwisho. Mwili una akili, haujazwi kwa koleo."

Njiani kurudi, Babu alitembea kwa miguu, Puleng akiwa juu ya Sefako amefunikwa mablanketi mawili.

"Ni mimi niliyekuzuia kuvua lile blanketi," Babu alisema. "Ni mimi niliyeleta hesabu ya migodini."

"Na mimi niliyemlisha mbwa, Babu."

"Basi tuna makosa sawasawa. Kesho tutakula sawasawa."

*

Tangu siku hiyo, Babu alikaa na Puleng asubuhi, bakuli kwa bakuli, na hakuna aliyenyanyuka mpaka mabakuli yote mawili yawe meupe. Mbwa alisimama mlangoni akiwatazama kwa masikitiko makubwa.

Haikuwa rahisi. Siku za kwanza tumbo la Puleng lilikuwa limesahau kazi yake. Vijiko vitano, likagoma. Babu hakumfokea. Alingoja, akasimulia habari za farasi wa zamani, kisha akasema, "Kimoja tena." Na usiku wakati mwingine ile tisa ilirudi kichwani, ikamnong'oneza kwamba ananenepa, kwamba atamwangusha babu yake. Alipiga moyo konde, akajigeuza upande wa pili.

Shuleni Lebusa alimwona akimaliza sahani yake ya maharage, akasema kwa sauti, "Kula, kula, gunia! Tutakuhitaji ghalani."

Zamani Puleng angenyamaza, maana hakuwa msemaji. Siku hiyo alipangusa mdomo, akasema, "Lebusa, ulipimwa bila blanketi, mimi na blanketi. Ukishinda kwa hesabu ya namna hiyo, utajisifu kwa nani?" Kisha akaenda kuomba nyongeza. Wenzake wakamzomea Lebusa mpaka kengele ikalia.

Wiki ya pili, baridi ilianza kumtoka mifupani. Wiki ya tatu alifanya hesabu ubaoni, na mwalimu akarudisha chaki bila kusema kitu ila kutabasamu. Wiki ya nne Babu alimruhusu kupanda. Puleng akabana magoti, na magoti yakabana. Akavuta hatamu, na Sefako akainua kichwa kama aliyesikia jina lake likiitwa na mtu aliyempoteza. Walipanda kilima kile kile mpaka juu bila kusimama. Puleng akapiga kelele za furaha peke yake kule kileleni.

Kuhusu kilo, hakujua. Mizani ilikuwa zahanati tu, maana ile ya ghalani Babu alimkataza asiisogelee.

Jumatatu ya wiki ya mbio ikafika. Babu aliamka mapema mno. Alimfunga Puleng blanketi mwenyewe, akaliweka pini mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya tangu Puleng akiwa mdogo. Mlangoni pa zahanati akamshusha kwenye farasi, akalirekebisha tena lile blanketi, akichelewa kidogo.

Zahanati ilijaa kama kawaida. "Binti wa mbio!" Mama Nthabeleng akaita. "Haya, wajua utaratibu."

Safari hii Puleng hakungoja kuambiwa. Alifungua pini, akavua blanketi, sweta na mabuti. Na hapo ndipo alipohisi kitu kizito kikimgonga pajani. Akatia mkono katika mfuko wa gauni. Kulikuwa na kitambaa kilichofungwa, na ndani yake vyuma: viatu vinne vya farasi, vya zamani, vilivyochakaa. Kilo nzima na zaidi.

Akamtazama Babu. Babu alikuwa ametazama bango la chanjo ukutani, akilisoma kwa makini, ingawa lilikuwa limetundikwa chini juu.

Akinyamaza, cheti ni chake. Hakuna aliyeona. Na je, atamwaibishaje mzee wake mbele ya foleni nzima, mzee aliyekula naye motoho asubuhi thelathini na tano? Lakini alikumbuka pia kile kilima, na giza lililomwingia machoni, na shingo ya Sefako. Mizani ingeweza kudanganywa. Kilima hakidanganyiki.

Akatoa kile kifurushi, akanyoosha mkono kwa upole.

"Babu, viatu vya Sefako vimesahaulika mfukoni mwangu. Nishikie, tafadhali."

Masikio ya Babu yakawa moto kwa aibu. "Eh. Ndiyo. Uzee huu," alisema, akavipokea kwa mikono miwili. Mama Nthabeleng aliinama ghafla kutafuta kalamu ambayo alikuwa ameishika.

Puleng akapanda. Namba zikacheza, ishirini na tisa, thelathini na moja, ishirini na tisa tena. Alizuia pumzi. Akakumbuka kwamba pumzi haina kilo, akaiachia. Namba zikatulia.

"Thelathini," nesi alisoma, "na gramu mia tatu." Kisha sauti yake ya kuvuka mabonde ikarudi yote kwa mara moja. "Thelathini na gramu mia tatu! Bila sufu! Bila mpira! Bila chuma!" Akasaini, akagonga muhuri hadi meza ikatikisika. Foleni ikapiga vigelegele, ingawa nusu yao hawakujua ni kwa nini.

Nje, Babu alisimama kando ya farasi akiwa na kifurushi chake.

"Ungevitumia bila kujua, ningekula kiapo nisiseme mpaka kaburini," alisema. "Niliogopa, mjukuu wangu."

"Najua, Babu. Hata mimi niliogopa."

*

Siku ya mbio theluji ilikuwa imefunika vilele, lakini uwanda ulikuwa mkavu. Farasi tisa walijipanga. Puleng alifunga kofia yake ngumu kidevuni. Kulia kwake alikuwa Lebusa juu ya farasi mweusi.

"Umeshiba?" Lebusa akamchokoza.

"Sana," Puleng akajibu.

Bendera ikashuka. Vumbi likapanda kama moshi. Farasi mweusi alitoka kama risasi, na kwa nusu ya kwanza ya mbio Puleng aliona mkia wake tu. Hakuharakisha. Alijua kinachokuja. Mwisho wa uwanda ule unapanda, mwinuko mrefu unaochosha, na hapo kila mwaka ndipo farasi wa Babu walipokufa moyo.

Walipoanza kupanda, wawili wakabaki nyuma, kisha mwingine. Puleng akainuka kidogo kwenye tandiko, akasimama juu ya miguu yake mwenyewe ili mgongo wa Sefako upumue. Hilo lilitaka mapaja yenye nguvu, na mapaja yalikuwepo. Lilitaka mikono isiyotetemeka, na mikono ilikuwepo. Kila bakuli la motoho lilikuwepo, kila sahani ya maharage. "Twende, ndugu yangu," alimnong'oneza Sefako. "Twende sasa!"

Sefako akaenda. Akamfikia farasi mweusi begani. Lebusa akageuka, akaona, akapiga visigino. Wakaenda sambamba, pua kwa pua, mpaka kwenye kamba ya kumalizia. Na kwenye kamba, pua iliyotangulia ilikuwa ya kijivu.

Uwanda mzima ulilipuka. Wanawake walipiga vigelegele, wanaume walitupa kofia juu. Babu alijaribu kukimbia, akajikwaa kwenye blanketi lake, akalitupa chini kabisa mbele za watu wote, akaja akikimbia bila blanketi katika baridi ile, mikono imenyooshwa.

Lebusa alishuka kwenye farasi, akamjia Puleng akihema. "Umepanda vizuri, gunia," alisema, akampa mkono. Puleng akaushika, wote wawili wakacheka.

Watoto wa vijiji vingine wakawazunguka. Walitaka kumgusa Sefako, walitaka kujua siri. Kijana mmoja mwembamba, midomo imempauka kwa baridi, akamvuta Babu mkono.

"Babu, mwambie atuambie. Alipunguza kilo ngapi ili ashinde?"

Mzee Khoeli akamtazama kijana yule mashavu, akamtazama na mikono. Akachuchumaa ili macho yao yalingane.

"Hakupunguza," alisema. "Aliongeza. Alipopunguza, hakuweza hata kufanya hesabu ubaoni. Sikilizeni nyote, maana mimi ni mzee na nimekosea vya kutosha kwa niaba yenu. Msipime miili yenu kwa maneno ya ghalani, wala kwa hesabu ya babu aliyetoka migodini. Mtoto anakua, na anayekua hula. Ukitaka kujua kama uzito wako unafaa, nenda kwa anayejua kupima, vua blanketi, na useme kweli. Kweli haina uzito, lakini ndiyo itakayokufikisha kwenye kamba."

Kisha akainuka, akamtazama tena yule kijana.

"Na wewe, tangu asubuhi umekula nini?"

Kijana akatazama chini.

"Nilijua," Babu alisema. Akamshika bega, akamwongoza pamoja na Puleng, Lebusa na kundi zima hadi kwenye masufuria ya kina mama, ambako mvuke wa maharage ulikuwa ukipanda.